Marashi Juu ya Fimbo za Kioo

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za maabara, nikapewa saa ya ukutani na hotuba tatu, na sasa niko nyumbani Mwabungo bila kengele ya kunikimbiza. Walimu vijana wa sayansi waliokuja kuniaga waliniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimekubali. Vyeo na mishahara sitaviandika, vimo kwenye faili huko ofisini Kwale kwa anayevitaka. Nitaandika juu ya miaka ya hamsini nilipoanza, na hasa juu ya chaji za umeme, kwa sababu hakuna somo lililonitoa jasho kama hilo, na hakuna ninalojivunia zaidi.

Nilifika kwa baiskeli kwenye shule ya kati iliyokuwa upande wa Msambweni, nikiwa na suruali moja ya kaki na cheti ambacho wino wake haujakauka vizuri. Chuo changu kilikuwa bara, kwenye vilima vya baridi. Nilijiona najua kila kitu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Salimu, alikuwa mtu mfupi wa maneno machache. Alifundisha hesabu, na sayansi hakuisoma maishani mwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa sayansi?"

"Ndimi, Mwalimu."

"Kabati lako ni lile pale. Limeletwa kutoka Mombasa mwaka juzi. Hakuna aliyelifungua ila mende."

Nililifungua mbele yake. Ndani mlikuwa na fimbo nne za kioo, fimbo mbili nyeusi za mpira mgumu, kipande cha hariri, kipande cha kitambaa cha sufu kilicholiwa na wadudu, sumaku tatu na chupa ambazo mende walikuwa wamezifanya nyumba zao. Nyinyi mliokuta maabara yenye mabomba ya gesi mtacheka. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mpya. Nilivifuta vifaa vile kimoja kimoja, na Mwalimu Salimu akanitazama mpaka mwisho.

Mtaala wa darasa la nane ulitaka umeme wa msuguano tu: sugua, kitu kivutwe, endelea na somo la mbele. Protoni na elektroni niliziongeza mwenyewe, maana sikuweza kumwambia mtoto kwamba kitu kinavutwa nisimwambie kwa nini. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, lakini macho ya wanafunzi yalipoanza kuzunguka darini nilirudi kwenye Kiswahili. Nikawaambia kila kitu, hata dawati wanaloliegemea, kina chembe ndogo zenye umeme. Protoni zimo ndani kabisa, kwenye kiini, na hazitoki. Elektroni ziko nje na zinaweza kuhama. Niliwaambia: protoni ni kama bibi harusi, yumo ndani na hatoki, elektroni ni kama watoto wa mtaa, wanaingia nyumba hii na kutokea nyumba ile. Darasa lilicheka na likaelewa. Mfano huo ulinisumbua baadaye, lakini sijautupa mpaka leo.

Jambo lililowashangaza zaidi ni la uzito. Protoni ni nzito kuliko elektroni karibu mara elfu mbili, lakini chaji zao zinalingana kabisa. Aina ndizo zinazotofautiana, hii chanya na ile hasi. Kipimo ni kimoja. Mwanaidi, mmoja wa wasichana wawili tuliokuwa nao darasa la nane, aliinua mkono.

"Mwalimu, kubwa vile, mbona umeme wake hauzidi wa ile ndogo?"

"Waliopima wamekuta ziko sawa, mwanangu. Kwa nini ziko sawa, hawajaniambia."

"Basi wakikwambia utuambie," akasema, akaketi. Hakuwa mkosefu wa adabu. Hakupenda tu jambo liachwe nusu.

Halafu ikaja siku ya kuonyesha kwa vitendo. Nilikuwa nimetengeneza vitufe viwili kutokana na kiini cha shina kavu la muhogo, kile kisponji cheupe kilichomo katikati, chepesi kuliko karatasi. Nilivichonga kwa wembe vikawa kama punje za mbaazi, nikavitundika kwa nyuzi za hariri vikaribiane. Nikasugua fimbo ya kioo kwa hariri kama nilivyofanya chuoni mara mia. Nikaisogeza. Vitufe havikutikisika. Nikasugua tena mpaka mkono ukauma. Nikawaambia wanafunzi wasugue vitana vyao kichwani wavute vipande vya karatasi, na karatasi zikalala pale pale. Nilifoka. Niliwaambia hawajui hata kusugua.

Mwalimu Salimu alikuwa amesimama dirishani. Baada ya kipindi aliniita.

"Chumvi ya jikoni kwenu, mwezi kama huu wa masika, huwaje?"

"Hulowa, Mwalimu. Hugandamana."

"Na huko chuoni kwenu?"

Nikafikiri. Kule bara chumvi ilimwagika kama mchanga mkavu.

"Basi usiwafokee watoto kwa kosa la hewa," akasema, akarudi kwenye hesabu zake. Huyo ndiye mtu ambaye hakusoma sayansi, na hilo ndilo somo la kwanza la sayansi nililopewa kazini. Hewa ya pwani ina maji. Maji yakitanda juu ya kioo yanafungua njia, na chaji inatoroka kabla hujaiona. Vitabu vyetu viliandikwa na watu wa nchi kavu za baridi, wala hawakuona haja ya kulitaja hilo. Siku ya pili niliwaomba wanafunzi radhi. Mwalimu kuomba radhi hakukuwa jambo la kawaida wakati huo, na wengine walidhani naumwa.

Tangu hapo nilikuwa na jiko la makaa nyuma ya darasa. Shikeni hili, maana litawafaa hata leo: kausha fimbo, kausha kitambaa, kausha nyuzi pia, na watu husahau nyuzi. Kisha peleka moto mbali kabla ya kuanza, kwa sababu moto wenyewe huifanya hewa iliyo karibu nao ipitishe chaji. Hilo lilinichukua wiki mbili kuligundua. Na lile la vitana lilikuwa na chanzo chake. Kila kichwa cha darasa la nane kilikuwa kimelowana mafuta ya nazi, na kitana kilichopita kwenye mafuta hayo hakivuti hata nywele. Nilimtumia paka wa mpishi badala yake. Paka alivumilia vipindi viwili, akahamia shule ya jirani.

Wakati huo lile neno la bibi harusi lilikuwa limetembea. Mzee Mwinyihaji, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mtu aliyejenga darasa la kwanza la shule ile kwa mikono yake, alikuja na bakora yake siku moja asubuhi.

"Mwalimu, nasikia wafundisha mambo ya harusi."

"La, mzee. Ni mfano tu. Ni vijichembe vya umeme vilivyomo ndani ya kila kitu."

"Umeviona?"

"Havionekani, mzee. Hakuna aliyeviona kwa macho."

"Mimi nimetoa mbao na makuti ili watoto wafundishwe, na wewe wawafundisha usichokiona." Hakupandisha sauti, na ndiyo sababu iliniuma. Sikuwa bado na kitu cha kumwonyesha kila siku na kila hali ya hewa.

Wiki ile ile ikaja barua kutoka Kwale. Mkaguzi wa elimu angekuja. Shule ambazo vifaa vyake vya sayansi havitumiki ipasavyo zingenyang'anywa, vipelekwe kwenye shule za bara, na darasa la nane lirudishiwe vipindi vya bustani. Barua haikututaja, lakini kila mtu chumba cha walimu alinitazama mimi. Mwalimu Salimu aliikunja, akamwandikia Mzee Mwinyihaji kumwalika siku hiyo. Nilimwuliza kwa nini anialikie shahidi wa kuanguka kwangu.

"Aone," akasema.

Nilijiandaa kama mtu wa harusi. Nililala na vitufe vya muhogo ndani ya kopo lenye mchele mkavu. Niliwaambia wanafunzi waje bila mafuta kichwani, na akina mama wawili walikuja shuleni kuniuliza kama nataka wanao wasimame mbele ya mgeni wakiwa kama watoto wasio na wazazi. Asubuhi ya siku yenyewe niliwasha jiko mapema, nikakausha kila kitu nusu saa nzima, nikajaribu. Vitufe viliruka mbali mbali kama vimegombana. Nikavifunika kwa bakuli, jiko likaondolewa likamwagiwa maji. Kwa mara ya kwanza tangu barua ije nilipumua.

Mkaguzi alishuka kwenye gari la serikali, Mzungu mrefu mwenye daftari jeusi, akasalimia kwa Kiswahili cha mashamba ya bara. Aliketi mbele. Niliondoa bakuli. Na hapo Mzee Mwinyihaji, ambaye alikuwa mwenyeji kabla hajawa mwenye shaka, akainuka na mrashi wake wa fedha. Hamwezi kuja kwetu mkaketi bila kutiwa marashi. Akamnyunyizia mkaguzi mikononi na mabegani. Akamnyunyizia mwalimu mkuu. Akaninyunyizia mimi. Kisha, kwa ukarimu ambao sina budi kuusifu hata sasa, akaigeukia meza yangu.

"Na vyombo vya elimu navyo vipate," akasema, akautikisa mrashi mara tatu.

Niliyaona matone ya maji ya waridi yakikaa juu ya kioo. Niliuona upande mmoja wa hariri ukibadilika rangi. Nyuzi zililegea. Sikuweza kumkaripia, maana mzee mwenye mrashi mkononi hakaripiwi, na alikuwa akiniheshimu. Nilisugua fimbo kwa kile kitambaa chenye maji nikijua vizuri kitakachotokea. Hakuna kilichotokea. Darasa zima lilinukia waridi na vitufe vikaning'inia.

"Hii ndiyo kazi ya mwaka?" mkaguzi akauliza kwa Kiingereza, akaandika.

Nilihisi kana kwamba kabati lile linabebwa nyuma yangu, linatolewa mlangoni. Mwalimu Salimu alikuwa anatazama viatu vyake. Niliona haya, na nilikuwa na hasira ya kukosa wa kumkasirikia.

Lakini marashi kwetu hayaji peke yake. Mzee Mwinyihaji alitoka barazani akarudi na chetezo, makaa yakiwaka vizuri na udi ukifuka, amfukize mgeni. Nikamzuia njiani.

"Mzee, naomba nikiazime hicho chetezo."

"Nimfukize mgeni kwanza, mwanangu."

"Mgeni atanisamehe. Leo vyombo vinatangulia."

Watu waliguna. Mzee alinitazama, akatazama meza, akatazama mrashi aliouacha pale. Sijui alielewa nini, lakini hakuwa mjinga. "Haya, chukua," akasema.

Niliutoa udi kwa kijiti nikauweka pembeni ili moshi wake usitie ukungu kwenye kioo, nikabaki na makaa matupu. Nikaanza kupitisha fimbo juu yake, polepole, nikizungusha. Kisha hariri, kwa mbali isiungue. Kisha nyuzi. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu na mikono ina kazi, nikafundisha.

"Maji yamefanya nini?"

"Yamefungua njia, Mwalimu," wakajibu.

"Njia ya nini?"

"Elektroni zilizotoka kwenye kioo zinarudi."

"Zinarudi kupitia wapi?"

"Kupitia kwenye maji na mkono wako!"

Walijibu kwa pamoja, wakipaza sauti, na mkaguzi akainua kichwa kutoka kwenye daftari. Nilikipeleka chetezo barazani. Nikasugua. Niliposogeza fimbo, vitufe viliirukia vikaigusa, kisha vikaruka nyuma, na nilipoiondoa vilibaki vimeachana hewani, kila kimoja upande wake, kama mtu amevitia mkono katikati.

"Mashaallah," Mzee Mwinyihaji akasema. "Vyasukumana."

Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akaligeukia darasa akasema kwa upole kwamba wameona wenyewe, mwalimu wao ametengeneza umeme kwa kusugua.

Mwanaidi akasimama. "La, Bwana. Hakutengeneza."

Nyinyi hamkuiishi miaka ile, kwa hiyo huenda msielewe uzito wa neno hilo. Mtoto, tena msichana, alikuwa amemwambia mkaguzi Mzungu *la* mbele ya wazazi. Watu walifukuzwa kazi kwa madogo kuliko hayo. Kazi yangu ilikuwa imeokoka dakika ile ile, na nilikuwa na nafasi ya kumkalisha kwa jicho moja na siku ikaisha salama. Mwalimu Salimu aliniangalia aone nitafanya nini. Nilimwogopea mtoto, nikajiogopea mimi, na nikaliogopea kabati. Lakini alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo nilimfundisha mimi.

"Endelea, Mwanaidi," nikasema.

"Elektroni zilikuwamo kwenye kioo tangu hapo, na protoni zilikuwamo, zalingana. Mwalimu aliposugua, elektroni nyingine zimehamia kwenye hariri. Kioo kimepungukiwa, hariri imezidi. Ukivijumlisha vyote viwili hakuna kilichoongezeka."

"Unajuaje?" mkaguzi akauliza. Hakuwa amekasirika bado. Kalamu yake ilikuwa imesimama.

"Hariri na ijaribiwe. Kama nilichosema ni kweli, basi hariri itakivuta kitufe, si kukisukuma."

Sikuwahi kufanya jaribio hilo. Nakiri hapa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimefundisha kwamba hariri inachukua zile elektroni, lakini mwaka mzima nilionyesha fimbo tu, nikakitupa kitambaa mezani kila mara kana kwamba kazi yake imekwisha. Nilijua kitabu kinasemaje. Sikujua hariri yangu, iliyoloweshwa marashi na kukaushwa kwenye chetezo, itasemaje. Nikasugua tena kwa nguvu, nikampa Mwanaidi kitambaa akikamate kwa ncha.

Alikisogeza pole pole. Kitufe kile kilichokuwa kikiikimbia fimbo kikainama kuelekea kwenye hariri, kikaja, kikakwama juu yake.

Nilijivuna, sikatai. Nimeona wanafunzi wangu wengi wakifaulu mitihani tangu wakati ule, na nimefurahi kila mara, lakini hakuna furaha iliyofika pale. Mtoto alikuwa ameondoka na nilichompa akafika mahali nisipopafika mimi, mbele ya watu, kwa mikono yake.

Mkaguzi akavuta kiti chake karibu na meza.

"Mimi nilisoma historia," akasema. Kumbe yule tuliyekuwa tukimtetemekea wiki tatu hakujua sayansi kunishinda mimi, na hakuna aliyetudokeza. "Rudia, tafadhali. Polepole. Ile kubwa na ile ndogo, chaji zao ni sawa?"

Nilimweleza tangu mwanzo. Nilimweleza kwamba protoni hazitoki na elektroni zinahama, kwamba kioo kinaitwa chanya ingawa kimepoteza, kwa sababu majina yalitolewa kabla ya elektroni kujulikana na hakuna aliyethubutu kuyabadilisha. Aliuliza maswali, mawili ya kijinga na moja zuri. Akaandika, lakini safari hii alikuwa amefungua ukurasa mpya. Mzee Mwinyihaji alivuta kiti chake pia, akawa anatikisa kichwa kila mkaguzi alipokosea, kana kwamba yeye alilijua jambo hilo tangu utoto.

Mlangoni mkaguzi alimpa Mwalimu Salimu mkono. "Kabati lenu litabaki hapa," akasema, akapanda gari lake kurudi Kwale.

Darasa la nane lilikuwa na wanafunzi ishirini na tisa, na siku ile hakuna aliyekosa. Jioni nilipojaza daftari la mahudhurio nilimhesabu na yule aliyesoma historia, nikaandika thelathini. Mwalimu Salimu, ambaye hakuwahi kuliacha kosa la hesabu lipite mbele yake, alilichukua daftari, akahesabu majina kwa kidole mara mbili, akanitazama, kisha akatia sahihi.